Nyongeza ya 3,000 iliyofika nyumbani ikiwa 1,884

Mhariri,

Mimi ndiye yule mtu watu humlaani kila mwisho wa mwezi. Natengeneza mishahara kwa kampuni moja ya malori hapa Industrial Area Nakuru, siyo kubwa, tuko kama watu arobaini ukihesabu madereva, matanboi (wasaidizi wa dereva), watu wa stoo, mafundi wa gareji, askari wa geti na kina mama wawili wa usafi. Nimefanya hii kazi miaka kumi na moja sasa na nimeitwa majina yote, mwizi, mchawi, mtu wa bosi, na sijawahi kuandikia gazeti lakini ya mwezi jana imenishinda kunyamaza.

Ilikuwa hivi. Bosi alituita kwa yadi asubuhi kabla malori hayajatoka, akasema mwaka umekuwa mzuri, kila mtu anaongezewa 3,000, hakuna kubagua, dereva na mfagiaji wote sawa. Watu wakapiga makofi, tanboi mmoja akapanda kwa lori akapiga honi mpaka majirani wakachungulia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kikombe changu cha chai na nikajua tu hii furaha itanirudia mimi.

Slipu zikatoka tarehe 30. Saa nne hivi mlango unagongwa, ni mzee wetu wa treila, mtu wa miaka hamsini na kitu, njia ya Malaba anaijua kama mfuko wake. Akavua kofia, ndani ya kofia kuna slipu mbili amezikunja vizuri, ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, akazinyoosha mezani kwa kiganja. Akaweka kidole kwa neti ya kwanza, yaani pesa ya mkononi baada ya makato, 34,003.15, akakisogeza polepole mpaka ya pili, 35,887.90.

"Madam, toa hii kwa hii."

Nikatoa kwa kalkuleta. 1,884.75.

"Haya. Bosi alisema ngapi?"

"Elfu tatu, mzee."

"Sasa elfu moja mia moja na kumi na tano yangu umeweka wapi?"

Na kabla sijafungua mdomo, yule mama wa usafi akawa anapita kwa korido na ndoo yake, mzee akamnyooshea kidole, ati huyu wamelinganisha kwa kibanda cha chai na yeye nyongeza yake imefika 2,692. Imekuwaje mtu wa ufagio aongezwe kuliko dereva wa treila na bosi alisema ni sawa? Mama naye akacheka akaenda zake, yeye hana shida na hesabu yangu hata kidogo.

Sasa mhariri nikuambie kitu, wote wawili walikuwa sawa. Wote waliongezwa 3,000 na wote hesabu yao ni ya kweli, na hapo ndipo mambo ya mshahara wa Kenya yamejificha, watu wengi hata wenye digrii hawajui, wanajua tu kusema makato ni mengi.

Wacha nianze na mzee. Alikuwa 42,000 akawa 45,000. Kwa ile 3,000 mpya, ya kwanza kutoka ni NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6, ni 180. Inafuata SHIF ya matibabu, asilimia 2.75, ni 82.50. Halafu ile ya nyumba, ya serikali kujenga nyumba za bei nafuu, asilimia moja unusu, ni 45. Jumla ya hizo tatu ni 307.50, imebaki 2,692.50. Umeona hiyo namba? Ndiyo ya mama wa usafi. Yeye anaishia hapo, anapeleka nyumbani. Mzee haishii hapo, mzee sasa anakutana na PAYE, kodi ya mshahara, na PAYE inachukua asilimia 30 ya hiyo iliyobaki, yaani 807.75. Ndio hiyo 1,884.75 unaona. Kwa kila shilingi mia bosi anayomuongeza huyu mzee, anashika 62 na senti 80 hivi.

Na mama? Mama alikuwa 18,000 akawa 21,000. Yeye hajafika pale kodi inaanzia, kwa hivyo PAYE yake ni sufuri jana, sufuri leo.

Mzee akaniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia bunge likiuliza. Akasema, "kwani mimi ni tajiri?"

Nikamchukulia karatasi nikamchorea ngazi. Kwa karatasi serikali inasema 24,000 ya kwanza unalipa asilimia 10, halafu 8,333 inayofuata asilimia 25, halafu kuanzia 32,333 na zaidi ni asilimia 30 mpaka ufike laki tano kwa mwezi. Baada ya laki tano ni 32.5, na zaidi ya laki nane ni 35. Halafu kila mtu anarudishiwa nafuu ya 2,400. Ukisikia hivyo unaona ni ngazi ya upole, unapanda kidogo kidogo. Lakini ebu fanya hesabu, asilimia 10 ya 24,000 ni ngapi? Ni 2,400. Ile nafuu inafuta ile ngazi ya kwanza yote. Kwa hivyo hiyo asilimia 10 ni ya kwa karatasi tu, hakuna mfanyakazi wa mshahara wa kawaida anayeisikia. Unatoka sufuri unaruka mpaka 25, na ukienda mbele hatua moja fupi, elfu nane na kitu tu, uko 30.

Ukirudisha hiyo kwa grosi, yaani mshahara kabla ya makato, maana NSSF, SHIF na ya nyumba hutolewa kwanza, mtu anaanza kulipa PAYE akipita kama 26,740 na akifika kama 36,026 tayari yuko kwa asilimia 30. Kati ya hizo mbili ni nini, ni kama elfu tisa na mia tatu. Fundi wa gareji akipewa nyongeza mbili tatu amemaliza hiyo ngazi yote. Na akishafika hapo juu anakutana na nani? Anakutana na mkubwa wa 450,000, naye yuko asilimia 30 hiyo hiyo. Dereva wa 45,000 na mkurugenzi wa 450,000, shilingi yao ya mwisho inakatwa PAYE sawasawa.

Na ngoja, kuna kichekesho. Huyo mkubwa akiongezwa 3,000 kama mzee wetu, yeye anapeleka nyumbani 2,010.75. Zaidi ya mzee. Kwa sababu NSSF ina kiwango cha mwisho, 2025 kilikuwa 72,000, hakatwi tena kwa kinachozidi hapo, na mzee bado anakatwa. Najua mtu wa NSSF akisoma hapa atasema hiyo pesa ni akiba ya mzee siyo hasara, na ni kweli, nitafika hapo. Lakini siku ya kulipa karo mzee hatembei na akiba, anatembea na neti.

Hii 24,000 nayo ina historia, si muda mrefu. Iliwekwa Aprili 2020 wakati wa korona, pamoja na hiyo nafuu ya 2,400, na wakati huo hata asilimia ya juu ilishushwa ikawa 25. Januari 2021 ile 30 ikarudishwa mahali pake na hizi ngazi tatu za kwanza tulizo nazo zikakaa. Tangu hiyo 2020 mpaka leo 24,000 haijasogea hata shilingi. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa asilimia 12 Mei 2022, kikapandishwa tena asilimia 6 kuanzia 1 Novemba 2024. Unaona vile inaenda? Mshahara unasogezwa mbele kila baada ya muda, mstari wa kodi umesimama pale pale, kwa hivyo kila nyongeza inasukuma watu wengine wapya wavuke huo mstari na hakuna mbunge aliyepiga kura kuwatoza. Mama wangu wa usafi akiongezwa 3,000 mara mbili zaidi naye amevuka, na kununua hatakuwa ananunua kitu tofauti na anachonunua leo pale Top Market.

Sasa kuna hii habari watu hunipigia nayo kelele, ati serikali imepandisha kodi ya mshahara. Mhariri, hiyo nataka turekebishe kidogo, na nyinyi magazeti mnachangia kwa sababu mnaandika "kodi" kwa kila kitu. Nilitoa faili za zamani nikamwekea mzee slipu ya Januari 2023 ya mtu wa 45,000, mtu aliyeshaacha kazi, jina nikalifunika na stepla. Wakati huo NSSF ilikuwa 200 tu, NHIF, bima ya matibabu iliyotangulia SHIF, 1,100, ya nyumba haikuwa, PAYE baada ya nafuu zote 5,658.35. Neti 38,041.65. Leo mtu wa 45,000 NSSF ni 2,700, SHIF 1,237.50, nyumba 675, PAYE 4,499.60. Angalia PAYE tena. Imeshuka! Imeshuka kwa zaidi ya elfu moja na mia moja. Lakini zile zingine kwa ujumla zimetoka 1,300 zikafika 4,612.50. Kwa hivyo grosi ile ile, miaka michache tu, mkononi imepungua 2,153.75. Nyongeza ya mzee ya 1,884.75 haijajaza hata hilo shimo. Anarudi nyuma akipigiwa makofi na honi ya lori.

Yule wa 18,000 naye, ambaye hajawahi kulipa PAYE hata siku moja, Januari 2023 alikuwa anaenda na 17,200, leo kwa 18,000 hiyo hiyo anaenda na 16,155. Nataka niwe mkweli hapa, SHIF kwake ilishuka, NHIF ilikuwa 600 na SHIF ni 495. Kwa watu wa chini kabisa wa slipu hiyo ilikuwa nafuu kidogo, na huwa sisikii mtu akiisema. Kilichommaliza ni NSSF, kutoka 200 hadi 1,080, na hiyo ya nyumba 270.

Nilieleza hii yote kwa mzee na kufikia hapo kuna watu wanne wamesimama kwa mlango, mmoja akasema lakini si vijana walienda barabarani Juni 2024 hii mambo ikatolewa? Kilichotolewa ni ule mswada wa fedha wa 2024. Hizi zingine zilikuwa zimeshapita kitambo. Ya NSSF ni sheria ya 2013, ilikaa kortini miaka mingi mpaka Korti ya Rufaa ikaifungulia Februari 2023. SHIF ni sheria ya 2023, tukaanza kuikata 1 Oktoba 2024. Ya nyumba ndiyo ilinitesa mimi mwenyewe, tumeianza Julai 2023, Novemba korti ikasema ni kinyume cha katiba, Januari 2024 ikakataliwa kuendelea, nikaitoa kwa mashine, Machi wakaleta sheria mpya nikairudisha. Wafanyakazi waliamini mimi ndiye nimeirudisha kwa roho mbaya.

Na kulikuwa na kitu kimoja kizuri kimepita bila watu kujua. Mpaka Desemba 2024 tulikuwa tunahesabu PAYE juu ya pesa ya SHIF na ya nyumba, yaani unalipa kodi kwa pesa ambayo imeshaenda. Kuanzia 27 Desemba 2024 hizo mbili zinatolewa kwanza ndipo kodi ihesabiwe. Kwa mtu wa 45,000 hizo mbili ni 1,912.50, kwa hivyo kodi ilishuka 573.75, ingawa ile nafuu ya asilimia 15 ya pesa ya nyumba nayo wakaiondoa. Siku hiyo hakuna aliyekuja kugonga mlango wangu kuniambia asante.

Bosi naye nimtetee kidogo ingawa hanilipi kumtetea. Ile 3,000 ya mzee kwa vitabu vyangu ni 3,225. Kwa sababu bosi anaongeza NSSF 180 juu yake, na ya nyumba 45 juu yake. SHIF hamuongezei, hiyo mfanyakazi anaibeba peke yake. Kwa hivyo bosi anatoa 3,225 akiona ni mtu mwema, mzee anapokea 1,884 akiona ni utani, na kila mmoja anamshuku mwenzake, na mimi niko katikati na kalkuleta.

Sasa NSSF. Hapa mimi na wenzangu wa mlango hatukubaliani na nadhani nitaendelea kugombana nao. Mzee anaiona imepotea. Hapana. Kwa 45,000 anakatwa 2,700, bosi anaweka 2,700, ni 5,400 kwa mwezi kwa jina lake, na kodi haikukatwa kwa hiyo pesa. Baba yangu alifanya kazi miaka mingi enzi za 200 kwa mwezi na siku alienda kuchukua, kile alichopata kilinunua ng'ombe mmoja wa maziwa na kikaisha, na ng'ombe mwenyewe hakukaa. Kwa hivyo mimi nikiona 2,700 nauma meno lakini sisemi imeibiwa. Shida yangu na NSSF ni mwendo, mwaka wa kwanza kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kilikuwa 18,000, wa pili 36,000, wa tatu 72,000, na kuanzia Februari 2026 ni 108,000. Mtu wa laki moja alikuwa anakatwa 200 Januari 2023, mwezi wa pili 1,080, mwaka uliofuata 2,160, 2025 ikawa 4,320, na tangu hiyo Februari 2026 ni 6,000. Mshahara wake nani ameupandisha hivyo?

SHIF sina mengi. Mwaka huu nilipeleka mtoto hospitali moja ya hapa karibu, niko nimelipa kila mwezi bila kukosa, wakaniambia sistimu iko chini, nikatoa pesa ya mfukoni nikarudi nyumbani. Jirani yangu wa Free Area naye alifanyiwa upasuaji na hakulipa kitu. Wote tunalipa asilimia ile ile.

Ya nyumba, nyumba za bei nafuu za Bondeni hapa Nakuru nimeziona kwa macho, zipo, nzuri tu. Lakini mzee anajenga yake Molo, mama wa usafi anapanga Kaptembwo, na hakuna kati yao aliye na mpango wa kuhamia ghorofa. 675 kwa mwezi ni 8,100 kwa mwaka, hiyo kwa mzee ni mabati.

Kuna jambo moja nataka wafanyakazi waangalie na hili ndilo linanitoa usingizi kuliko asilimia zote nimesema. Slipu kusema umekatwa haimaanishi pesa ilifika. Kabla nije hapa nilifanya kazi mahali, jina siliweki, bosi wa huko alikuwa anatukata NSSF kila mwezi, slipu inaonyesha vizuri, na siku nimeenda kuulizia nikakuta miezi kumi na nne haiko. Mimi niliyekuwa naandika hizo slipu kwa mkono wangu! Nilikuwa naandaa, bosi ndiye analipa, na alikuwa halipi. Sheria inasema nyingi ya hizi zifike kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo usiniulize mimi tu, ingia kwa akaunti yako ya NSSF uone mwezi kwa mwezi, upande wa SHA, hao wanaopokea SHIF, piga *147# uangalie kama uko sawa, na kila mwaka omba ile fomu P9 usome PAYE uliyokatwa, usingoje kusukumana saibakafe tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi. Sheria ya ajira ya 2007 inasema upewe slipu yenye mchanganuo, kama kwenu mnapewa bahasha na namba moja tu, hiyo siyo slipu.

Ile ile sheria inasema makato yote kwa pamoja yasipite theluthi mbili ya mshahara. Hiyo watu huikumbuka tu wakikataliwa mkopo. Kuna kijana wa stoo alinililia nimpitishie mkopo wa tatu, nikamwonyesha amebakisha karibu theluthi kamili, akasema si nimeongezwa 3,000, nikamwambia wewe umeongezwa 3,000 kwa yadi, kwa benki umeongezwa 1,884.

Na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya mzee yenyewe, nilikuja kuijua mwisho kabisa watu wakishaondoka mlangoni. Siku ile ya makofi, kabla jua halijazama, mzee alikuwa ameshaenda sacco. Amewaambia ameongezwa elfu tatu, akachukua mkopo wa kuezeka ile nyumba ya Molo, akakubali kulipa 2,800 kwa mwezi, akaona anabakisha na mia mbili juu. Ameshaweka oda ya mabati. Kwa hivyo badala ya kuongezwa alikuwa anaingia mwezi mpya akiwa chini kwa 915. Hapo nikaelewa kwa nini mkono wake ulikuwa unatetemeka akinyoosha zile slipu na mimi nilidhani ni hasira.

Mhariri ombi langu ni mawili na yote yanawezekana. La kwanza ni kwa hao wa Bunge na Hazina, mkija kutengeneza sheria ya fedha ya mwaka ujao wacheni kutafuta jina jipya la makato, sogezeni hiyo 24,000, na mrefushe hiyo ngazi ya asilimia 25 isiishe kwa 32,333. Sisemi iwe laki. Hata ikisogezwa tu kwa kiasi ambacho kima cha chini kimepanda tangu hiyo 2020, kodi ya mzee itapungua na mama wa usafi atapata nafasi ya kuongezwa mara kadhaa kabla hajarukia asilimia 25.

La pili ni kwenu hapo gazetini. Mkiandika walimu wameongezwa kadhaa, askari wameongezwa kadhaa, wafanyakazi wa kaunti wameongezwa kadhaa, wekeni na ile ya mkononi kando yake. Ni mstari mmoja tu. Tafuteni mtu kama mimi, kila ofisi yuko, atawafanyia hiyo hesabu kwa dakika tano. Watu wanasoma namba ya grosi kwa gazeti, landilodi wa Section 58 naye anaisoma, shemeji anaisoma, na wote wanakuja kudai kulingana na hiyo. Mimi bosi wangu nimemwambia akitangaza tena nyongeza atangulie ofisini kwangu kwanza, tukubaliane anataka mtu apeleke nyumbani ngapi, ndipo tupige hesabu kurudi nyuma. Akitaka mzee ashike 3,000 kamili inabidi amuongeze kama 4,775. Aliguna akaniuliza kama naongea serikali ama naongea yeye.

Mzee alirudi Jumatatu akitoka safari. Amepitia sacco, ameongea nao, wamemnyooshea ule mkopo miezi mingi zaidi, sasa analipa 1,850. Mabati ameyapunguza, jikoni litangoja. Akanitolea slipu kwa kofia tena, akanionyesha 1,884.75 akaandika 1,850 chini yake na kalamu yangu, akatoa mwenyewe kwa kichwa, akapata 34.75. Akaniambia hiyo madam ni ya chai yako.

Karani wa mishahara,
Industrial Area, Nakuru